Koko Hakuwa na Homa

Kama uliwahi kuvuka Petite Barrière wakati wa Ebola, unaijua ile bunduki. Sisemi ya askari. Ni ile nyeupe ya plastiki, wanakuelekezea kwenye paji la uso, inalia "tii", mwenye kuishika anaangalia namba na anasema: pita. Goma ilipopata mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, Julai 2019, hakuna kichwa kilichopita pale bila kupimwa. Mama wa nyanya, wanafunzi, wale ndugu wenye ulemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mizigo, wote tii, pita. Halafu ikaja Korona, na bunduki ikahamia kila mahali, kwenye mlango wa benki, wa kanisa, wa duka.

Kwa miaka ile sisi wa Goma na Gisenyi tulifundishwa somo moja mara elfu: mwenye homa ni mgonjwa, asiye na homa apite. Hakuna mtu aliyelisema kwa mdomo. Mashine ndiyo ililisema, na sisi tulilishika vizuri sana. Somo hilo nusura linipokonye koko.

Kwa wasomaji ambao si wa kwetu, koko ni mama ya mama yangu. Wafanyakazi wa mashirika waliotoka Nairobi au Dar es Salaam hucheka, wanadhani namuita kuku. Wanataka niseme "bibi". Lakini kwetu bibi ni mke wa mtu, na koko si mke wa mtu tena tangu zamani.

Alikuwa na miaka 78 tulipovuka mwisho wa Januari 2025, siku zile mabomu yalikuwa yanasikika Goma yote, na mengine yakaanguka hata huku Rubavu na kuua watu. Koko anahesabu maisha yake kwa safari za kuvuka huu mpaka. Alivuka Januari 2002 wakati lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Alivuka 2012. Alivuka Mei 2021 mlima ulipolipuka tena usiku, na safari hiyo alikuwa amebeba kuku (kuku wa kweli). Mara hii ya mwisho hakubeba kitu. Mimi nilibeba mtoto mdogo mgongoni, kijana wangu wa miaka tisa akamshika koko mkono, tukatembea.

Siku za kwanza tulilala kwenye hangari ya mapokezi, watu wengi chini ya paa moja, mkeka kwa mkeka. Kama ulipita huko unajua usiku wake: kikohozi kinaanzia kona moja, kinajibiwa kona nyingine, mpaka asubuhi. Karibu na sisi kulikuwa na mzee mmoja na mwanawe. Yule mzee alikohoa siku tatu, si sana. Siku ya nne alikataa uji. Siku ya tano hakuamka. Watu walikuja kumlilia, na nikasikia sentensi ambayo tangu hapo naisikia kila mahali: "Alikufa na uzee." Mwingine akasema, "Ni mawazo ya kukimbia." Mimi pia nilikubali kwa kichwa. Miaka 80, vita, baridi, ungetaka afe na nini?

Baadaye mama mdogo, ambaye ameolewa upande huu kwa muda mrefu, alikuja kutuchukua. Ana vyumba viwili Mbugangari. Tukawa watu saba ndani, na tulimshukuru Mungu. Koko alipewa kitanda, sisi wengine chini. Kati ya kitanda chake na mkeka wa watoto kulikuwa na mita moja na nusu hivi. Nilikuja kuupima huo umbali kwa macho usiku mwingi.

Aprili ni mvua. Mama mdogo anapikia nje kwenye mbabula, lakini mvua ikinyesha mbabula inaingia kwenye korido, mlango unafungwa, na moshi unakaa na sisi. Kijana wangu alikuwa ameanza shule. Akaja na kamasi. Kesho yake mdogo wake wa miaka minne akawa na kamasi, akakohoa usiku mbili, akapata homa iliyotutisha, siku ya nne akawa anaruka kamba. Mimi nikaumwa na kichwa na mwili siku mbili. Tukasema ni gripi, ile Wanyarwanda wanaita ibicurane. Inapita kwa kila mtu, inaenda.

Jumatatu koko aliacha sambaza kwenye sahani.

Anayemjua koko angepiga kelele pale pale. Huyu ni mtu anayekula sambaza na vichwa vyake, na akimaliza zake anaangalia zako. Nilimuuliza, "Koko, unajisikia aje?" Akasema, "Niko bien. Muache kunisumbua." Alikohoa kidogo tu, kikohozi kikavu cha mtu anayesafisha koo. Nikamshika paji. Baridi.

Jumanne alilala mchana wote. Nikafurahi kwamba anapumzika. Naandika neno hilo, nikafurahi, kwa sababu ni kweli.

Usiku wa Jumanne aliniita kwa jina la mama yangu. Mama yangu ni marehemu. Akaniuliza kama gari ya Sake imeshaenda. Nikamwambia tuko Gisenyi, koko, hakuna gari ya Sake hapa. Akanyamaza, halafu akauliza tena. Mama mdogo alisema kutoka chumba kingine, "Ni uzee unaanza, mwanangu. Hata mama mkwe wangu alianza hivyo." Tukalala.

Alfajiri ya Jumatano alianguka akienda choo. Hakuvunjika. Nikamuinua, nikaona ni mwepesi, na miguu yake haikutaka kusimama. Hapo nikaogopa, nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji jina, nao walikuwa na watu wengi kuliko viti. Waliangalia goti lake. Wakamuelekezea ile bunduki. 36.4. Walisema hana homa, arudi nyumbani, anywe maji mengi, na wakatupa vidonge vya maumivu. Sikubishana, juu ya nini ningebishana? Nilikuwa nimeshampima mimi mwenyewe kwa mkono, mara kumi, na jibu langu lilikuwa lile lile. Njiani nikapita kwa famasi nikanunua amoxi ya rejareja, vidonge sita kwenye karatasi, kama wote tunavyofanya. Mama mdogo akachemsha umuravumba, tukamfunika blanketi avute mvuke. Tulifanya kila kitu isipokuwa kumuangalia.

Sasa hapa ndipo ninapoona haya, kwa hiyo nitasema haraka. Nilifundisha biolojia kwenye sekondari Goma kwa miaka sita. Nilichora mapafu ubaoni kila mwaka, kwa chaki ya rangi.

Aliyemuokoa koko ni jirani. Hapa Rwanda kila mudugudu una washauri wa afya, watu wa kawaida waliochaguliwa na majirani, wanaitwa abajyanama b'ubuzima. Yule wa kwetu alikuja Jumatano jioni kwa ajili ya mtoto wangu, kuona kama kile kikohozi kimeisha. Alikuwa na kile kisaa chake kidogo cha kuhesabia. Kazi yao moja ni hiyo: mtoto akikohoa, wanafunua kifua, wanahesabu anapumua mara ngapi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, wanajua nimonia inaweza kuwa imeingia, nao wana dawa ya kuanzia hapo hapo. Jambo hili limeokoa watoto wengi, na nawaheshimu sana wale wamama.

Mtoto alikuwa mzima. Mama jirani akawa anafunga mfuko wake. Nikamwambia, "Mama, umuhesabie na koko."

Akasita. "Mimi nahesabia watoto."

"Umuhesabie tu."

Akakaa kando ya kitanda, akabonyeza kisaa. Koko alikuwa amelala na mdomo wazi. Tulinyamaza wote, hata watoto. Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba shingo yake ilikuwa inavuta, pale juu ya mfupa wa bega ngozi ilikuwa inaingia ndani kila pumzi. Kisaa kikalia. 34. Akarudia. 33.

Kwa mtoto wangu wa miaka minne, 34 ingekuwa sawa kabisa. Kwa mtu mzima aliyelala, kawaida ni 12 hadi 20 hivi. Koko alikuwa anakimbia huku amelala. Mama jirani hakuwa na namba ya wazee kwenye karatasi yake, lakini macho anayo. Alisema kwa Kinyarwanda, "Tugende," twende, na yeye mwenyewe akatoka kwenye mvua kutafuta gari, maana kwa moto koko asingeweza kukaa.

Hospitali walimwekea kile kibanio kwenye kidole. 81. Walitazama namba ile, na kuanzia hapo hakuna aliyetuambia tusubiri. Oksijeni puani, sindano mkononi, picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana, nadhani mdogo kwangu. Hakuniuliza habari ya homa kwanza. Aliniuliza kama koko anakula, kama anajua yuko wapi, kama juzi alikuwa anatembea mwenyewe, na ni lini aliacha kila kimoja. Nikajibu, na kwa kujibu nikajisikia nasoma mashtaka yangu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

Alinieleza mambo ambayo nataka yabaki kwenye karatasi hii, kwa ajili ya mtu mwenye koko wake nyumbani.

Homa haitengenezwi na kirusi. Inatengenezwa na mwili, ni moto unaowashwa na mwili wenyewe ili kupigana. Mwili wa mzee unawasha moto huo polepole, na mara nyingine hauwashi kabisa. Karibu robo ya wazee wenye maambukizi makali hawapati homa ya kuonekana. Tena wengi wao kawaida yao iko chini. Kuna wanaoamka na 35.8 siku ambayo ni wazima. Mzee wa namna hiyo akifika 37.2, kipimo kinasema pita, lakini yeye amepanda zaidi ya digrii moja juu ya kawaida yake, na kwake hiyo inatosha kuitwa homa. Badala ya kuchemka, mzee anachanganyikiwa. Anaanguka. Anaacha chakula. Anakojoa kitandani. Anasinzia. Yaani zile ishara zote ambazo sisi tunaziita uzee, zikija kwa siku mbili tatu, si uzee. Uzee hauji Jumatatu.

Halafu alinieleza jinsi gripi ya mtoto inavyogeuka kuwa kitu kingine kwa koko. Kwenye njia za hewa tuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kwenda juu, na kikohozi kinautoa nje. Kwa mzee ufagio umechoka, kifua kimekuwa kigumu, kikohozi hakina nguvu. Kile kikohozi kidogo cha koko ambacho kilinituliza moyo kilikuwa kidogo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukohoa kikubwa. Kirusi kinashuka, kinachubua, na bakteria wanaingia nyuma yake kama wezi wanaokuta mlango umeshavunjwa. Vile vidonge vyangu sita vya amoxi havikuwa na la kufanya kwa kirusi, na kwa bakteria vilikuwa vichache mno.

Jina la kirusi hatukulipata. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, sikuona mtu akipimwa kirusi gani. Inaweza kuwa influenza, inaweza kuwa Korona, maana Korona haikuondoka. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tu, nasi tukasikia mwisho wa ugonjwa. Inaweza kuwa RSV, kirusi ambacho wengi wetu hatujasikia jina lake ingawa karibu kila mtoto duniani hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa miaka mingi hata madaktari walikihesabu kuwa cha watoto, mpaka ikaonekana kwamba kinawalaza hospitali wazee wengi pia, na kuwaua.

Niliyasoma hayo kwenye simu usiku, kwenye korido ya wodi, kwa sababu usingizi haukuja. Nikapata kazi moja iliyofanyika kwetu Afrika Mashariki, Kilifi, pwani ya Kenya. Watafiti walifuata nyumba 47, miezi sita, 2009 hadi 2010, wakichukua vipimo puani kwa watu wote wa nyumba mara mbili kwa wiki. Walitaka kujua ni nani anamletea mtoto mchanga RSV. Mara nyingi walikuwa kaka na dada zake, wale wanaoenda shule. Swali lao lilikuwa la mtoto mchanga, na ni swali zuri. Lakini mimi nilikuwa naona kijana wangu na mkoba wake, mdogo wake na kamasi, na ile mita moja na nusu.

Nikasoma na ya Kanada, jimbo la Ontario, iliyotoka 2018: katika siku saba za kwanza baada ya maabara kuthibitisha influenza, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa mara sita ya kawaida. Nikazima simu. Nikamfikiria yule mzee wa hangari ambaye hakuamka. Sijui alikufa na nini, sikumchunguza, na sitadai kujua sasa. Najua tu kwamba hakuna aliyehesabu pumzi zake, na mimi nililala mikeka miwili kutoka kwake.

Hapa naomba niseme na nyinyi wa mashirika, kwa heshima, maana najua mnasoma gazeti letu hili dogo. Tangu tumevuka nimejazishwa karatasi nyingi. Kuna mjamzito? Kuna anayenyonyesha? Kuna chini ya miaka 5? Watoto wangu wamepimwa mkono na ule utepe wa rangi mpaka wenyewe wanaunyoosha mkono wakiona fulana ya shirika. Sitaki hata swali moja kati ya hayo liondolewe. Lakini koko kwenye karatasi zote hizo ni kisanduku kimoja, "60+", wanaweka alama, basi. Hakuna swali linalofuata. Jana alikula? Anatembea kama wiki iliyopita? Maswali haya hayahitaji mashine. Na kile kisaa cha kuhesabia watoto kinaweza kumhesabia mzee bila kuongeza hata betri. Tena mnapogawa nafasi kwenye hangari, mzee huwekwa kona ya ndani kabisa, mbali na mlango, ili asipigwe na baridi. Ni heshima, najua, hata sisi ndivyo tunavyofanya. Lakini kona ya ndani ndiko hewa ya watu wote inakoishia.

Binamu yangu alipelekwa Marekani kutoka kambini, anafanya kazi Kentucky kwenye nyumba ya wazee. Nilipomweleza alisema huko mzee akianza tu kuongea mambo yasiyoeleweka, kitu cha kwanza wanatafuta maambukizi, ndivyo walivyofundishwa. Wazee wake huchanjwa influenza kila mwaka kabla ya baridi, na tangu 2023 ipo chanjo ya RSV kwa wenye miaka 60 na zaidi. Nikamuuliza bei. Akaniambia. Tukabadilisha mazungumzo.

Koko alilala hospitali siku kumi na moja. Siku ya tatu alijua yuko Gisenyi. Siku ya tano aliniita kwa jina langu na akalalamika kuhusu uji, nikatoka nje nikalia kwenye ngazi. Alirudi nyumbani akiwa na mapafu mazima, lakini si yule aliyetembea kutoka Goma. Miguu haikurudi yote. Siku kumi na moja kitandani zinamla mzee nyama ya mapaja. Anasimama kwa fimbo, anafika mlangoni, anakaa. Zamani alikuwa anachambua maharagwe ya nyumba nzima huku anatusema. Sasa anaanza, mikono inachoka, anayaacha na kutusema tu.

Yapo mambo nimebadilisha. Mbabula haiingii tena koridoni, mvua au si mvua. Tukikosa pa kupikia tunakula viazi vya jana. Kitanda chake kimesogea dirishani, na dirisha linafunguliwa mchana hata kama yeye analalamika, anavaa koti. Nimemhesabia pumzi akiwa mzima, bila kumwambia, maana ukimwambia mtu unahesabu anaanza kupumua kama anaimba kwaya. Ni 18. Joto lake la asubuhi ni 35.9. Nimeandika ukutani kwa kalamu, pale pale kando ya kitanda, ili hata nisipokuwepo mtu ajue pa kuanzia. Ikifika 25 hatungoji asubuhi. Mama mdogo alikasirika kidogo kwa ajili ya ukuta.

Lililonishinda ni watoto.

Niliweka sheria: mwenye kamasi asimkaribie koko mpaka pua ikauke. Sheria nzuri, hata daktari aliipenda. Lakini mtoto wa miaka minne ana kamasi nusu ya mwaka. Wiki moja nilimzuia, na koko akaanza kukataa chakula tena, nikakimbilia kumhesabia pumzi, 18, nikampima, 36, nikamuuliza, nikamuuliza tena. Mwishowe akasema, "Ulininyima batoto. Mi nikae peke yangu hapa kwa dirisha, nangojea nini?"

Sikuwa na jibu la biolojia.

Barakoa mtoto anaivua na kuitia mfukoni, au anaitafuna. Koko naye hataki kuvaa, anasema alishavaa wakati wa Korona, inatosha. Kwa hiyo tumefanya hivi, na sijui kama ni sahihi, lakini ndicho tulichofikia. Mchana, jua likiwaka, koko anatolewa mpaka kizingitini, anakaa kwenye kiti. Mtoto ananawa mikono, anakaa chini mbele yake, mgongo kwenye magoti ya koko, uso barabarani. Koko anamsuka. Anasuka polepole, mistari haiko sawa, nywele zikifika shule mwalimu atacheka. Wanaongea hivyo hivyo, mmoja akiangalia kichwa, mwingine akiangalia motari wanaopita kwenda mpakani. Jana alipiga chafya mara mbili, kubwa, kuelekea barabarani, na koko akamsukuma kichwa mbele kwa kidole, akaendelea na mstari wake.